Shada Moja la Mama

Tulimzika mdogo wangu Yakobo kule Singida, na mpaka leo ndugu hawajaacha kunisema. Wanasema nilimvunjia heshima marehemu mbele za watu. Kijana aliyekuwa anaongoza ratiba pale makaburini alisoma kwenye karatasi yake kwamba sasa ni zamu ya dada wa marehemu kuweka shada la maua. Binti mmoja wa ukoo akanisogezea shada kwa mikono miwili. Nikalitazama, nikampita. Nikainama pembeni ya kaburi, nikachota udongo mkono mzima, nikautupa juu ya kaburi ambalo lilikuwa limeshafukiwa na kusawazishwa, halina haja ya udongo wangu. Halafu nikarudi kukaa kwenye kiti changu cha plastiki. Watu walinong'ona, na mimi niliwasikia, maana masikio yangu ni mazima kuliko magoti.

Lingekuwa shada la kununua mjini, lile la maua ya plastiki na nailoni juu yake, huenda ningeliweka tu yaishe. Lakini lile lilikuwa la maua mabichi, ya rangi ya machungwa, yametungwa kwa uzi, moja baada ya jingine, na harufu yake ilinifikia kabla ya binti mwenyewe. Wenzangu wa rika langu mliokulia Manyoni mtaikumbuka harufu hiyo. Ni kali, ina uchungu kidogo, inaganda vidoleni hata ukisugua kwa majivu. Maua hayo mara ya mwisho niliyashika kwa nia ya kumtolea mtu kabla sijaanza shule, na niliapa sitayashika tena. Sasa kwa kuwa nimesemwa vya kutosha, nami nitasema.

Baba yetu alikuwa fundi katika karakana ya mbao ya Kalasinga mmoja pale Manyoni, jirani na stesheni ya reli. Siku hizo Makalasinga hawakuwa watu wa kushangaza kwenye miji ya reli. Ndio waliotengeneza milango yetu, bodi za malori na mashine za kusaga, na kilemba chao kilikuwa kitu cha kila siku machoni petu. Huyu wetu tulimwita Baba Jasi, na mkewe Mama Jasi, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, ambaye sisi watoto wa pale uani hatukuwahi kumwona. Alikuwa Nairobi tangu kabla sijazaliwa. Baba Jasi alikuwa mzee wa ndevu nyeupe zilizofika kifuani, kilemba cha buluu, na bangili ya chuma mkononi. Alikuwa na kiti chake barazani ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia. Kwa mafundi alikuwa mkali, akikuta mbao imekatwa kombo anakohoa mara mbili kwanza, na fundi mwenyewe anajua leo kazi ipo. Kwa sisi watoto alikuwa mpole.

Mama yangu hakuwa ameandikwa kazi pale, lakini kazi alikuwa nayo. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kisima, na maji machafu ya kuogea na kufulia yalishuka kwa mfereji mpaka kwenye matuta manne ya maua. Mama ndiye aliyeyapanda, aliyeyapalilia, aliyeyachuma. Makalasinga wana siku zao: harusi, mtoto kupewa jina, sikukuu za walimu wao watakatifu, na misiba. Zote zinataka maua. Hekalu lao lilikuwa Dodoma, na maua ya kuweka mbele ya Kitabu chao yalitoka kwenye mikono ya mama. Yalichumwa alfajiri, yakapangwa kwenye tenga, yakafunikwa gunia lililoloweshwa, yakakabidhiwa kwa gadi wa treni. Mama yangu, Mnyaturu wa Mungaa asiyejua herufi moja, maua yake yalipanda treni mara nyingi kuliko alivyopanda yeye.

Mama Jasi alikuwa na masharti yake, na mama aliyashika kama ya kanisani. Ukikaa kutunga maua unavua ndala, unanawa mikono, unafunga kitambaa kichwani. Sindano ilikuwa shazia, ile nene ya kushonea magunia. Unaipitisha kwenye kikombe kile cha kijani kilichoshika ua kwa chini. Ukichoma katikati ya ua linamwagika. Na ua la kutolea halinuswi. Mama Jasi alinieleza hilo mwenyewe kwa Kiswahili chake cha haraka, kwamba ukilinusa umeshakula wewe, sasa unampa nani makombo? Mimi nilikuwa na miaka saba au minane, sina hakika, maana nyumbani hakuna aliyeandika. Nilibana pua yangu kwa bidii kiasi kwamba mama alicheka mpaka akakohoa. Wakati huo kikohozi chake kilikuwa bado cha kuchekea.

Halafu Baba Jasi akafa. Alianguka karakanani mchana, akapelekwa ndani, na kesho yake matuta yote manne yalichumwa mpaka yakabaki majani matupu. Tulijaza madebe. Mama na Mama Jasi na wanawake wengine wawili wa Kihindi walikaa chini wakatunga, nami nikawakatia uzi.

Nataka muelewe nilichokiona, kwa sababu yote yaliyofuata yanatoka hapo. Misiba nilikuwa nimeshaiona miwili. Bibi, mama yake baba, alifungwa shuka, akateremshwa shimoni, udongo ukarudishwa juu yake, na hakurudi. Kichanga cha jirani vivyo hivyo. Kwa hiyo kifo nilikijua, nilikuwa najua ni udongo. Lakini Baba Jasi nilimkuta amelazwa sebuleni ameogeshwa, amevalishwa nguo nyeupe mpya, kilemba kimefungwa vizuri kuliko siku zote, mashada yamempanda mpaka kidevuni, na watu wanapita wakimmwagia maua yaliyobaki. Alionekana mtu wa kusafiri. Wakampandisha kwenye lori la karakana. Humo tayari walikuwa wamepakia magogo makavu na debe la samli. Magogo hayakunishtua, lori lile lilibeba magogo kila siku ya Mungu, na samli nikajua ni chakula cha njiani. Wanaume wakaondoka, wanawake na watoto tukabaki. Jioni lori likarudi tupu.

Nilitafuta kaburi siku tatu. Nilizunguka nyuma ya karakana, kisimani, kwenye matuta, hakuna hata kichuguu kipya. Nikamuuliza mama walimzika wapi. Alikuwa na sufuria mkononi, watu wa msiba wamejaa, akaniambia hawakumzika, akapita. Lilikuwa jibu la kweli, naye hakuwa na nafasi ya kuongeza jingine.

Zikapita siku kumi na mbili. Siku hiyo kulikuwa na ibada kubwa, mafundi wote waliitwa na familia zao, tukakaa mikekani tukala chapati na dengu na ile halua yao ya moto inayoteleza. Nikiwa bado nalamba vidole, watu wakasimama. Barazani akatoka Baba Jasi. Kilemba kile kile cha buluu, bangili ile ile, paji lile lile la uso. Akaenda moja kwa moja kwenye kile kiti ambacho hakikaliwi na mtu, akakaa. Baba yangu akavua kofia, mafundi wakainamisha vichwa. Akakohoa mara mbili. Kilichobadilika ni kimoja tu: ndevu zake zilikuwa nyeusi ti.

Sikuogopa hata kidogo. Nilichokihisi ni furaha, ile ya mtoto aliyepata jibu la fumbo peke yake. Bibi aliwekwa kwenye udongo, akaoza. Baba Jasi aliwekwa kwenye maua, akarudi siku ya kumi na mbili amepunguzwa umri. Nilitazama mikono yangu iliyokuwa bado na rangi ya njano kwenye kucha, nikajua kwamba mimi na mama tumemrudisha mtu. Sikumwambia yeyote ila Yakobo, aliyekuwa na miaka minne, na ambaye aliamini kila nilichosema kwa sababu mimi ndiye niliyemfunga vifungo vya shati.

Baada ya hapo mambo ya wakubwa yakaanza kutembea haraka. Nyumba za kupangisha za akina Jasi zikawa za serikali. Magogo yakaadimika, msumeno ukawa unalia siku mbili kwa wiki, kisha haukulia kabisa. Yule niliyemjua mimi kuwa ni Baba Jasi aliyerudi aliwakusanya mafundi, akawaambia familia inafuata ndugu zao Ulaya. Mama Jasi alikuja kumuaga mama pale kwenye matuta. Alimwachia kopo la majani ya chai, ndani yake shazia na kijiti cha uzi mnene, nao wakashikana mikono muda mrefu, wote wawili wanalia. Mimi sikulia, nilikuwa na kazi. Nilikuwa nachuma maua yaliyokauka, yale yenye mbegu nyeusi ndefu nyembamba, nayafunga kwenye pindo la gauni.

Karakana ilipofungwa hatukuwa na sababu ya kukaa mjini. Ulikuwa wakati ule wa kuhamishiwa watu vijijini, mnaoukumbuka mnaukumbuka, na asiye na kazi mjini aliambiwa shamba linamngoja. Lori likatubeba mpaka upande wa Mungaa, kwao baba na mama. Lakini hatukushushwa kwenye tembe la babu. Tulishushwa porini kwenye mistari iliyopigwa kwa kamba, familia huku na familia kule, chomeka vigingi, jenga. Shule ilikuwa inakuja, bomba la maji lilikuwa linakuja, zahanati ilikuwa kwenye ramani, na mwenyekiti wa kijiji alituonyesha ilipo kwa kidole. Sitawacheka watu wa wakati ule, wengi waliamini kwa moyo safi. Ila mama alikuwa anachomwa sindano za kifua Manyoni, alikuwa hajazimaliza, na kidole cha mwenyekiti hakikuwa na dawa.

Alikonda upesi. Tuliishi kwenye kibanda cha miti na nyasi, upepo wa kiangazi ukiingia unavyotaka, na vumbi lile la Singida mnalijua. Shangazi Monika, dada yake baba, alikuja kutusaidia. Alikuwa mwanamke wa mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Siku moja nikiwa nachekecha unga nilimsikia akimwambia baba kwamba huyu mgonjwa masika hayaoni. Baba hakujibu. Alikuwa ameacha kujibu watu tangu tushuke kwenye lori.

Mtoto mwingine angelia. Mimi niliweka unga chini, nikafungua pindo la gauni langu. Nilikuwa na kiangazi kizima mbele yangu, na maua ya Mama Jasi yanachukua miezi miwili na ushee mpaka kuchanua, nilishamwona mama akihesabu. Nikalima kijituta nyuma ya kibanda, kisichozidi urefu wa kitanda, nikapanda mbegu zote. Nikampa Yakobo fimbo, nikamwambia kazi yake ni kuku na mbuzi, wasikanyage. Nikamweleza kwa nini. Alikaa pale na fimbo yake kutwa nzima, kamasi zinamtoka, hata chakula alikula pale pale.

Shida ilikuwa maji. Tulichota korongoni kwa kufukua mchanga, unasubiri shimo lijichuje, unateka kwa kikombe mpaka ndoo ijae, na hapo nyuma yako kuna foleni ya wanawake waliochoka. Kila tone lilikuwa na mwenyewe. Mimi niliiba. Niliiba ya kupikia uji, ya kuoshea vyombo, na siku moja niliiba ya kunywa ya mama mwenyewe. Shangazi Monika akanikamata, akanichapa kwa mwiko mpaka mwiko ukavunjika, akisema watu hawana maji ya kumeza dawa za miti shamba, mimi nanywesha majani.

Mama alisikia. Alitoka ndani ameshika kuta, akakaa kwenye kigoda karibu na kijituta changu, akamwambia shangazi aende tu. Miche ilikuwa imefika gotini, mingine nusu yake imeliwa na mbuzi licha ya fimbo ya Yakobo. Aliigusa majani, akanusa vidole vyake. Najua aliikumbuka Manyoni, kwa sababu alitabasamu.

"Ya nani haya?" akaniuliza.

"Yako, mama."

"Ya kunifanyia nini?"

"Ya siku ukifa."

Nilisema hivyo waziwazi, kama mtu anavyosema nimekuwekea kiporo. Sikuona haja ya kueleza mengine. Si yeye aliyetunga ya Baba Jasi? Si tulikaa naye mkeka mmoja tukamwona akitoka barazani? Nilidhani anajua. Nimezaa watoto watano, nimezika mmoja, ndipo nikajua mama alisikia nini siku ile. Alisikia mtoto wake wa miaka minane amekaa akakubali kwamba mama atakufa, tena anamwandalia.

"Basi yape maji yangu ya kunawa," akasema. "Na ulete ile shazia nikuonyeshe tena. Wewe unachoma katikati."

Tangu siku hiyo hakunawa uso. Alijipangusa kwa kitambaa kibichi, na bakuli lake la maji likaenda kwenye maua asubuhi na jioni. Alinifundisha kutunga kwa kutumia majani makavu ya mahindi, akinirekebisha kwa subira. Sikumwambia atarudi. Nilikuwa na siku nyingi za kumwambia, neno moja tu, na sikulisema kwa sababu nililiona la bure. Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo, si kifo chenyewe.

Miche tisa iliishi. Ilichanua wiki ile ile ambayo mama aliacha kula. Nilihesabu maua kumi na saba, mengine madogo, yamekondeana kama sisi. Mama alikata roho asubuhi, jua limeshatoka, shangazi Monika akiwa amemshika. Nilimsikia shangazi akipiga ukunga, nikatoka nje, nikavua ndala, nikanawa mikono kwa mate kwa sababu maji hayakuwepo, nikafunga kitambaa kichwani. Nikachuma yote. Yakobo alinishikia uzi. Nilichoma kwenye kikombe cha kijani, sikumwaga hata moja. Lakini nilipofika la mwisho nilikuwa nimemkumbuka mama na Manyoni, nikalisogeza puani, nikalinusa. Niligundua harufu ikiwa imeshaingia kifuani. Nililitazama, nikafikiri nilitupe, nikaona maua yenyewe ni machache. Nikalitunga.

Wanawake waliokuwa wakimwogesha walinipisha. Nikaliweka shada kifuani kwa mama, likafika hapa na hapa tu. Shangazi Monika, yeye na mwiko wake, alikaa chini akalia kwa sauti. Katekista alipouliza maua haya ni ya nini, alimjibu muache mtoto amzike mama yake. Kila mtu alisema huyu mtoto ana moyo. Kisha walipoona sitoi chozi, wakasema ana roho ngumu. Mimi nilikuwa nasubiri lori.

Lori halikuja. Wanaume walimbeba kwenye machela ya miti mpaka nje kidogo ya mistari ya kijiji, na hapo nikaliona shimo. Mpaka walipomshusha nilikuwa bado najiambia labda ni desturi tu, watamweka kidogo watamtoa. Koleo la kwanza la udongo lilipoanguka na nikasikia linavyolia juu yake, juu ya yale maua, ndipo nilipopasuka.

"Msimfukie!" nilipiga kelele. "Atatokaje sasa? Atatokaje?"

Watu walilia zaidi, wakidhani ni uchungu. Baba akaniinua akanibeba begani kama gunia, akaniondoa, nami nikamng'ata sikio mpaka damu. Hakunipiga. Sikusema naye mwaka mzima, na yeye alidhani namlaumu kwa kutuleta kijijini. Nilikuwa namlaumu kwa udongo.

Hata hivyo tulisubiri. Nilitoa kokoto kumi na mbili, nikampa Yakobo, kila jioni anatupa moja. Alikuwa akienda pale njiani lori lilipotushusha, na bakuli la mama lina ugali kidogo, anakaa mpaka kiza kikianza kuingia namfuata. Siku ya kumi na mbili tulikwenda wote wawili. Nilikuwa nimemnawisha uso. Alipita mzee mwenye ng'ombe, alipita mwenyekiti kwa baiskeli, basi. Wingu lilikuwa limefunga upande wa Mungaa, na tulipokuwa tunarudi mvua ya kwanza ikatunyeshea. Ndiyo masika ambayo shangazi alisema mama hatayaona.

Yakobo aliniuliza mbona hajaja. Nilijua sababu mbili: udongo, na lile ua nililolinusa. Kosa la kwanza lilikuwa la baba na la pili lilikuwa langu, na sikuwa na ujasiri wa kulisema. Kwa hiyo nikamwambia iliyokuwa rahisi. Nikamwambia maua yalikuwa machache.

Laiti ningekata ulimi wangu. Mvua zile zote yule mtoto alichuma kila kilichochanua porini, ya njano, meupe, ya magugu, akayapeleka kaburini. Mwaka uliofuata pia. Mimi nilikuwa nimeshaacha, nimeingia shule, nimejifunza kucheka mambo, lakini yeye alichuma mpaka alipokuwa mchungaji wa ng'ombe wa miaka kumi na miwili, na wenzake wanamtania. Hakuwajibu kitu. Alirithi kimya cha baba.

Ukweli niliupata Dodoma, nikiwa shule ya bweni. Msichana mmoja wa pale mjini alikuwa akisimulia juu ya Makalasinga wa jirani yao. Akasema kwao maiti inachomwa moto kwa magogo na samli, majivu yanatupwa kwenye mto unaotembea. Na siku ya ibada ya mwisho mtoto wa kwanza wa kiume anafungwa kilemba mbele za watu, anakalia kiti cha baba yake. Jasi, basi. Jasi wa Nairobi. Nilicheka, wenzangu wakacheka wakiniona nacheka, halafu wakaacha kwa sababu mimi sikuweza kuacha. Matroni alikuja kuniondoa.

Likizo ile nilirudi nikiwa nimedhamiria kumwambia Yakobo. Nilimkuta kaburini anang'oa majani. Nikaona nitamwambia kesho. Kesho hiyo niliisogeza miaka zaidi ya arobaini. Alioa, akajenga, akaingia kwenye alizeti akafanikiwa, na nyuma ya kila nyumba aliyoishi alikuwa na tuta la maua yale yale ya machungwa. Mkewe alidhani anafukuza mbu. Mimi nilipotembelea nilikaa barazani, sikuzunguka nyuma.

Mwaka huu figo zilipomshika nilikaa naye hospitali. Siku mbili kabla hajaondoka aliniomba nisogeze kiti. Alikuwa na akili zake timamu, alikuwa ametoka kuniuliza bei ya alizeti.

"Dada, mama tulimwekea machache," akasema. "Shada moja. Wewe ulisema Baba Jasi alikuwa na madebe."

Nilimtazama nikitafuta utani usoni mwake, maana angekuwa anatania ningecheka naye, yangeisha hapo. Hakuwa anatania.

"Nimewaambia watoto," akasema. "Mimi waniwekee mengi. Na wewe uweke, dada."

Nikamwambia nitaweka. Mzee wa miaka hamsini na kitu, mwenye wajukuu, akafumba macho ametulia, na aliyemtuliza ni mimi, kwa uongo ule ule wa siku ya mvua ya kwanza.

Ndiyo maana makaburini watoto wake walikuwa wamechuma tuta zima. Mashada yalikuwa mengi, yalilifunika kaburi lote, na bado moja lilibaki mikononi mwa yule binti, la dada wa marehemu. Nikaona nikiliweka namwambia tena subiri. Atasubiri, namjua, atakaa pale na bakuli lake mpaka kiza, na safari hii sina nguvu za kwenda kumfuata. Basi nikachota udongo. Ndivyo nilivyomwambia Yakobo kwamba mama harudi, wala yeye, wala mimi. Nimemwambia akiwa ameshafukiwa.